Kukaa Shela Bila Haraka: Fuata Maji, Usifuate Saa

Anayeharibikiwa na likizo Shela mara nyingi ni yule aliyekuja na ratiba aliyoipanga Nairobi: Jumatatu makumbusho, Jumanne saa nne magofu ya Takwa, Jumatano matembezi ya pwani baada ya chakula cha mchana. Jumanne anaambiwa chombo hakiendi, mikokoni hakuna maji. Jumatano saa tisa anakuta bahari imekula pwani yote, na mchanga mkavu uliobaki unaunguza nyayo. Hapo nahodha hana kosa, wala mwenye nyumba. Shela ina saa mbili zake, ya maji na ya jua, na mwenye kuzisoma hizo hahitaji ratiba nyingine.

Kijiji chenyewe kiko kilomita 3 hivi kusini mwa mji wa Lamu, pale mlango wa bahari unapofunguka. Nyumba ni za ghorofa, zimepakwa chokaa, juu zina paa la makuti. Nyuma yake kuna vilima vya mchanga mtupu, kama jangwa lililopotea njia likaishia baharini. Mbele kuna pwani ya kilomita 12 hivi. Ni mahali pa watu wanaojua starehe, na bei zake zinalijua hilo. Siku nne zinatosha. Tano ni bora zaidi, kwa sababu moja utaipoteza kwa kulala mchana, na hiyo haitakuwa hasara.

Hesabu ya maji kabla ya kukata tikiti

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo bamvua: maji hujaa sana, yakatoka sana. Siku hizo hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa zimegeuka. Yanajaa karibu na saa nne, yanapwa karibu na saa kumi.

Kwa siku za katikati, chukua tarehe ya Kiislamu, toa moja, zidisha kwa dakika 50, kisha anza kuhesabu kutoka saa kumi. Tarehe nne ya Kiislamu, kwa mfano: 3 mara 50 ni dakika 150, yaani saa mbili u nusu. Maji yatajaa yapata saa kumi na mbili u nusu jioni, na kupwa kutakuwa saa sita na robo mchana hivi. Tarehe ikizidi 15, ondoa 15 kwanza, ndipo uanze. Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa, hata saa nzima, kwa hiyo ni ya kupangia siku tu. Wakati wa kupanda chombo, tazama jedwali la maji la Kilindini au muulize nahodha. Nahodha ni bora.

Ukifika siku za bamvua, asubuhi ni za kutembea pwani, maana maji yanatoka na kuacha mchanga mgumu, na alasiri ni za Takwa na kuogelea. Ukifika siku za maji mafu, ogelea asubuhi na utembee jioni. Wanaotaka kuzamia na miwani kutazama matumbawe wachague maji mafu, kwa kuwa mkondo hauna nguvu na maji huwa mangavu. Wanaotaka kila kitu waje siku moja kabla ya mwezi kuandama, wakae siku tano.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto, bahari safi, na nyumba zimejaa. Mwisho wa Desemba bei hupanda kuliko wakati mwingine wowote. Aprili na Mei ni masika: mvua, vichochoro vyenye matope, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, huleta upepo na mawimbi upande wa bahari kuu, lakini usiku huwa wa baridi nzuri, utataka shuka. Oktoba na mwanzo wa Novemba, upepo unapogeuka na matlai kuvuma kidogo kidogo, bahari hulala. Tungechagua huo.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu kwa sababu nyingine. Mwisho wa Mfungo Sita ni Maulidi ya Lamu, na mji hujaa wageni kutoka pwani yote. Ukitaka kuyaona, shika nyumba miezi mapema. Ramadhani si mwezi mbaya wa kuja ikiwa unapenda usiku: mchana mji unalala, baada ya Magharibi kila baraza ina watu. Ila mchana hutakula wala kuvuta sigara njiani, na nahodha aliyefunga hatataka safari ndefu juani. Mtu asiyeweza hayo aahirishe.

Kufika

Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ni yapata saa moja na nusu. Ndege ndogo nyingi hukubali kilo 15 kwa mtu, tena begi laini. Sanduku gumu la magurudumu litakusumbua mara tatu: kwenye mzani, kwenye boti, na kwenye kichochoro chenye mchanga ambapo magurudumu hayazunguki. Nje ya uwanja ni mwendo mfupi hadi jeti. Kama mwenye nyumba amekutumia boti, nahodha atakuwa na jina lako. Kama hakukutumia, uliza boti ya pamoja ya kwenda Lamu kabla ya kukubali ya kukodi peke yako. Tofauti ya bei ni mara kadhaa.

Kwa barabara, basi hutoka Mombasa, hupitia Malindi, Garsen na Witu, mpaka Mokowe, na hapo unapanda boti. Kaa na kitambulisho mkononi, si ndani ya begi lililo kwenye buti, kwa sababu kuna vituo vya ukaguzi na abiria huteremshwa. Uliza hali ya njia siku moja kabla ya safari, na chukua basi la alfajiri. Anayechelewa hufika Mokowe giza linaingia, boti za pamoja zimepungua, na analipa bei ya boti nzima.

Pesa taslimu zitoe Lamu mjini, kwenye benki, kabla ya kwenda Shela. Vitu vingi vinalipwa kwa M-Pesa, lakini hamali, mwenye punda na muuza madafu wanataka noti ndogo. Beba noti za 50, 100 na 200 za kutosha.

Jeti ya Shela ina hamali na punda. Taja nyumba unayokwenda, mkubaliane bei ya mizigo yote, halafu fuata nyuma. Kichochoroni ukisikia "simile!" nyuma yako, simama ubavuni mwa ukuta. Punda aliyebeba mawe ya kujengea hajui kupisha, na mzigo ulio ubavuni mwake ni mgumu kuliko goti lako.

Nyumba

Ukiwa watu 4 au zaidi, nyumba nzima yenye mpishi na msafishaji mara nyingi ni rahisi kuliko vyumba vya hoteli. Ila uliza maswali yafuatayo kabla ya kutuma pesa. Ghorofa ya juu iko wazi upande gani? Wakati wa Kusi unataka ukuta kusini na uwazi kaskazini, la sivyo taa na vitabu vyote vitaruka. Wakati wa Kaskazi ni kinyume chake. Kuna msikiti umbali gani? Adhana ya alfajiri ni sehemu ya Shela, na mwenye usingizi mwepesi achague nyumba ya pembeni asije akalalamika. Umeme ukikatika, kuna betri au jenereta, na mafuta yake analipa nani? Ujira wa mpishi uko ndani ya bei? Na jirani anajenga? Hilo la mwisho watu husahau. Shela haiachi kujengwa, na nyundo ya mchonga mawe huanza saa moja asubuhi.

Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, chini ya mita 3 kwa upana, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti hazina urefu zaidi ya hapo. Ukihitaji vitanda vya watoto, vitapangwa kwa mstari, kitanda kufuata kitanda, si ubavu kwa ubavu. Mwambie mwenye nyumba idadi mapema. Kuta nene za matumbawe na chokaa ndizo zinazotunza ubaridi. Kuanzia saa nne asubuhi funga madirisha ya upande wa jua na uache ya upande wa kivuli. Jioni baada ya Magharibi fungua yote. Mgeni anayefungua kila kitu mchana "ili hewa ipite" anaijaza nyumba joto ambalo halitatoka mpaka usiku wa manane.

Chooni unaweza kukuta birika la maji lililojengwa ukutani, na ndani yake vijisamaki. Wamewekwa kwa makusudi: wanakula viluwiluwi vya mbu. Katika mabirika ya zamani, chini kabisa kulipachikwa bakuli la kaure ili maji yakiisha samaki wabaki na kidimbwi chao. Maji huchotwa kwa kata, ukaoga pembeni. Usiingie ndani ya birika, usioshee sabuni humo, usisuuzie miguu yenye mchanga. Sabuni kidogo tu inaua samaki wote, na ndani ya juma moja mbu wamejaa nyumba nzima.

Maji ya bomba yana chumvichumvi. Ni ya kuogea. Ya kunywa yawe yamechemshwa au ya mtungi, na uhesabu lita 3 kwa mtu kwa siku, zaidi kidogo ukienda vilimani. Chandarua kishushwe kabla ya Magharibi, si wakati wa kulala. Mbu walioingia saa kumi na mbili wamo ndani na wewe.

Vilima vya mchanga

Hapa ndipo jangwa la Shela lilipo, na hapa ndipo watu huumia kwa uzembe. Lamu iko nyuzi 2 na kitu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita liko utosini, na mchanga mweupe hulirudisha usoni kutoka chini, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Kuna nyakati mbili tu za kwenda: toka saa kumi na mbili asubuhi urudi kabla ya saa tatu, au toka saa kumi na robo jioni. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na robo mwaka mzima, likipishana kwa nusu saa hivi kati ya miezi, na giza huingia upesi. Chukua tochi hata kama simu ina mwanga.

Njia ni hii. Fuata pwani kutoka kijijini kuelekea kusini, uwe umeiacha Hoteli ya Peponi nyuma yako (iko hapo tangu 1967, na kila mtu atakuonyesha). Tembea dakika 20 hadi 30 kwenye mchanga mbichi. Ukiona mahali ambapo watu wamekwisha kupita kuingia kati ya vichaka, pandia hapo hapo. Usikate njia yako. Upande unaopigwa na upepo mchanga umeshikana na unapandika. Upande wa pili ni mteremko mkali wa mchanga mlegevu, kila hatua mbili unarudi moja. Kwa hiyo panda kwa upande wa upepo, shuka kwa ule mlegevu, kisigino kikitangulia. Viatu vya kamba ndivyo vinavyofaa. Champali huzama, zikachomoka, na asubuhi hiyo ukiona mtu ameshika champali mkononi huku anarukaruka, ujue amekawia kurudi.

Vichaka na majani yanayotambaa juu ya vilima usiyakanyage wala kuyang'oa, na hili halihusu uzuri tu. Maji matamu ya Lamu yako chini ya vilima hivi. Mvua hupenya mchanga upesi kabla jua halijaikausha, ikakusanyika chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta kwenye mchuzi. Majani yakitoka, upepo huondoa mchanga. Mchanga ukipungua, akiba hupungua. Na kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini na hairudi haraka. Kwa hiyo ndani ya nyumba pia, bafu la dakika 3 si ushamba.

Mchanga huu umebeba na historia. Mwaka 1812 au karibu na hapo, watu wa kisiwa cha Pate na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa waliungana kuishambulia Lamu, wakateremkia Shela. Walishindwa, wakakimbilia vyombo vyao, na masimulizi yanasema walivikuta vimekaa mchangani kwa sababu maji yalikuwa yametoka. Wengi walifia hapo hapo pwani. Baada ya vita Lamu ilitafuta himaya ya Sayyid Said wa Oman, na ngome iliyoanzwa miaka hiyo ikamalizika 1821. Hata majeshi, basi, yalishindwa kuuliza maji yanajaa saa ngapi.

Kuogelea: jitenge na ule mlango wa bahari mbele ya kijiji wakati maji yanatoka. Mkondo pale una nguvu, na mtu mzima anayejua kuogelea hujikuta anasukumwa kuelekea bahari kuu huku akiona nyumba zinasogea. Ogelea pwani, ukisogea kusini kidogo, saa ambayo maji yanakaribia kujaa au yamesimama. Mkondo ukikuchukua usishindane nao. Ogelea ukiambaa na pwani mpaka mkondo ulegee, ndipo uelekee ufukweni. Wakati wa Kusi mawimbi ya upande wa wazi si ya watoto.

Chombo, na Takwa

Jeti utafuatwa na vijana wanaouza safari. Wengi ni mabaharia wa kweli, wengine ni madalali wa mabaharia. Namna ya kujua ni kuomba kukiona chombo. Kikague: jaketi za kuokolea zihesabiwe kwa idadi yenu, pamoja na za watoto, kuwe na injini ya akiba hata kama safari ni ya tanga, kuwe na kivuli. Kisha mpatane haya kwa maneno ya wazi, mkirudia wote wawili: bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, saa ngapi za safari, chakula na maji ni vya nani, mafuta yamo au hayamo, na mnarudi saa ngapi. Lipa nusu, nusu baada ya kurudi. Ugomvi mwingi wa jeti tunaoujua ulitokana na neno moja tu, "elfu tatu", ambalo mmoja alilisikia la chombo na mwingine alilitamka la mtu.

Injini ya akiba si anasa. Ndani ya mlango wa bahari, upepo ukiwa wa mbele na maji yanatoka, nahodha atapiga bisho kwenda na kurudi kutoka ukingo hadi ukingo na mtabaki mkiutazama mti ule ule wa mkoko kwa nusu saa. Kwa machweo, panda saa kumi na nusu. Mtarudi na mwanga kidogo.

Takwa ni magofu ya mji ulio Manda, uliostawi karne ya 16 na ya 17 kisha ukahamwa. Watu wa Shela huhesabu asili yao huko. Kuna msikiti, ukuta wa mji, na kaburi lenye nguzo ndefu. Chombo hupita mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mkono huo una maji ya kutosha wakati wa kujaa tu. Kwa siku ya bamvua: ondoka Shela saa nane mchana, uwe umeingia mikokoni saa tisa, tembea magofuni kwa saa moja, na kufikia saa kumi na moja kasoro uwe umerudi chomboni. Ukiambiwa twende, nenda. Dakika 20 za kupiga picha zaidi zinaweza kuwa karibu saa kumi nzima za kukaa juu ya tope na mbu mpaka maji yarudi. Siku za maji mafu kujaa kwenyewe ni kudogo, na chombo kikubwa huenda kisifike hata kidogo. Chukua kidogo, au subiri. Viatu viwe vya kulowana, maana kushuka ni majini hadi magotini.

Manda Toto, kaskazini, ndiko kwa matumbawe. Ni safari ya siku nzima: toka saa moja asubuhi, samaki watachomwa pwani mchana. Vaa shati la mikono mirefu majini. Mgongo wa mtu anayetazama samaki kwa saa moja huungua bila yeye kujua.

Asubuhi moja Lamu mjini

Moja yatosha, ila iwe asubuhi. Kutoka Shela unaweza kutembea kando ya bahari dakika 45 maji yakiwa yametoka. Yakijaa hupiga ukutani, na utapita njia ya ndani. Boti ya pamoja ni rahisi, na tunapendekeza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa boti jua likipanda. Anza ngomeni na soko lililo kando yake kabla ya saa tatu, samaki na mboga zikiwa bado zipo. Kisha fuata Usita wa Mui, barabara ya ndani, kuelekea mtaa wa Mkomani. Huko ndiko kwenye nyumba za mawe zenye daka za kukaa mlangoni, wikio zinazovuka juu ya kichochoro, na milango ya kuchongwa. Ingia Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili uone vidaka vya plasta vilivyopangwa ukuta mzima; ndiyo nyumba itakayokufanya uielewe ile uliyokodi. Malizia Makumbusho ya Lamu iliyo barabara ya bahari. Mji huu uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu bado wanaishi ndani ya urithi huo: ukipotea, bisha hodi ya sauti mahali penye watu, toa salamu kwanza, "sabalkheri", ndipo uulize njia. Anayeuliza bila kusalimu hujibiwa, lakini kwa mkato.

Ijumaa maduka mengi hufungwa kabla ya sala na hufunguliwa alasiri. Mavazi kijijini na mjini yafunike mabega na magoti, kwa mume na mke. Nguo za kuogelea zibaki pwani. Leso moja au kikoi ndani ya begi huondoa tatizo lote. Picha za watu, hasa wanawake na wazee barazani, ziombwe kwanza.

Kula

Mpishi wa nyumba akupe bajeti ya siku, nawe umpe pesa ya sokoni usiku wa kuamkia, si asubuhi. Wavuvi hufika mapema, na anayefika saa tatu hupata kilichobaki. Ukienda mwenyewe, tazama jicho liwe limevimba na liwe angavu, matamvua yawe mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Changu au tewa wa kupaka wa kilo 1½ hadi 2 anatosha watu wanne, pamoja na wali wa nazi mbili.

Ukitaka kujua kama mpishi ni mpishi, mwombe huyo wa kupaka. Samaki hupasuliwa, akapakwa ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili, akakaa nusu saa, si zaidi, maana ndimu huifanya nyama kuwa kavu. Huwekwa juu ya makaa yaliyoshika jivu. Tui zito hupikwa pembeni kwa moto mdogo na kukorogwa bila kuachwa mpaka liwe zito la kushika kijiko. Ukiliacha lichemke peke yake hukatika, likawa mafuta na chengachenga. Ndipo samaki hupakwa, hugeuzwa, hupakwa tena, mara tatu au nne, kila mara ile ya kwanza ikiwa imeanza kubadilika rangi. Tui likimwagwa lote mara moja huanguka motoni, moshi ukapanda, na utakula samaki wa moshi.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Mchana kula kidogo, juisi ya ukwaju au ya ndimu, kisha lala. Baada ya Alasiri kuna kahawa chungu barazani na kipande cha halwa. Pombe inapatikana hoteli chache tu; usiitembeze kijijini.

Kuondoka

Siku ya mwisho hesabu kurudi nyuma: saa ya ndege, toa saa moja na nusu ya uwanjani, toa dakika 30 za boti kutoka Shela, toa dakika 20 za punda na mizigo. Ukiondoka siku ya bamvua asubuhi, boti inaweza isikaribie ngazi maji yakiwa yametoka, na mtapanda kwa kuingia majini. Weka viatu vya ndege juu ya begi na uvae champali. Begi ulikung'ute juu ya paa usiku uliotangulia. Ujira wa ziada wa mpishi na msafishaji mpe kila mtu wake mkononi, kwa faragha. Na lile birika: liache limejaa.